Miaka Sitini ya Black Star

Chama kinapofikia umri wa kuheshimiwa, taratibu zake zinajulikana. Hutafutwa mgeni rasmi, huandikwa risala, huchapwa fulana, na mzee mmoja aliyebaki tangu siku za mwanzo hupewa kiti cha mbele na kipaza sauti ambacho baada ya dakika tano kila mtu hutamani kumpokonya. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja, iliyoundwa mwaka 1905, ilifikisha karne na ikapewa heshima yake, na ilistahili. Sasa ni zamu ya Tanga. Katikati ya miaka ya 1960 vijana wachache wa mji huu waliunda Black Star Musical Club. Miongo sita imekatika, na hatujasikia risala wala kuona fulana. Jarida hili limeamua kutosubiri kadi ya mwaliko.

Tunaandika kuhusu klabu, ila msomaji atatuwia radhi tukimtaja mtu mmoja mara nyingi kuliko wengine. Mtajie mtu wa makamo wa Bujumbura, Mombasa au Kigoma jina la Black Star, na huenda akakuna kichwa kwanza. Mpigie "Macho Yanacheka" au "Kifo cha Mahaba" za Shakila binti Said, na hatakuna kichwa. Ataanza kuimba, au atakutajia harusi ya nani aliusikia wimbo huo na nani alilia. Sauti ile haikuzuka tu. Ililelewa na kunolewa na vyama vya watu wa kawaida wa Tanga, kisha vikaipeleka kote ambako Kiswahili kinasikika. Bila vyama hivyo Bi Shakila angekuwa binti mwenye sauti nzuri anayesifiwa na majirani, na wa namna hiyo Pwani yetu haijawahi kuwakosa.

Mji wenyewe ulikuwa na masikio ya aina yake. Wanaoutania kwa "waja leo waondoka leo" wanajua kwamba wengi waliokuja hawakuondoka. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikiongoza dunia, na sehemu kubwa ya katani hiyo ilitoka mashamba ya huku, kando ya reli na barabara zinazoishia bandari ya Tanga. Kwenye mashamba walikuwapo Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, watu walioletwa kwa mkataba wa manamba na wengine waliojileta. Siku ya mshahara ilikuwa siku ya mji mzima. Vijana wa Kinyamwezi walikuwa na bendi yao, Young Nyamwezi, ambayo baadaye ikaitwa Jamhuri Jazz. Atomic Jazz walikuwa mtaa wa pili wakishindana nao. Mashamba ya Amboni yalikuwa na Amboni Jazz. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kupanda Arusha na kisha kuibukia Nairobi mwaka 1971 na Simba Wanyika. Wakenya wanaoita muziki ule wa kwao wana haki, maana ndiko ulikokulia, lakini kitovu chake kimezikwa Tanga.

Nyuma yao kulikuwa na beni na matarumbeta, tangu shule ya serikali ya Wajerumani ilipowafundisha vijana wa Tanga kupuliza shaba. Na kulikuwa na sinema. Majestic walionyesha filamu za Kihindi, na watu walitoka pale wakiwa na nyimbo kichwani hata kama neno moja la Kihindi hawakulielewa. Binti wa Tanga aliyekua miaka ile alikuwa na walimu wengi wa kuimba ambao hakuwahi kuonana nao: waimbaji wa Cairo kwenye redio na waimbaji wa Bombay kwenye pazia la sinema, mbali na madrasa yenye kasida zake jirani na nyumbani.

Taarab yenyewe ilikuwapo Tanga kabla ya Black Star. Young Novelty ndiyo iliyokuwa ikitajwa sana. Dar es Salaam kulikuwa na Egyptian Musical Club na Al-Watan, na majina hayo yanakueleza uso wao ulielekea wapi. Kipimo cha taarab nzuri kilikuwa Misri: safu ya fidla, udi, ganuni, nai, wanaume wamevaa suti na kukaa wima kama wako kwenye kikao cha baraza la madiwani. Muziki mzuri sana, na ghali sana. Ganuni haiokotwi njiani, na mtu wa kuipiga vizuri ni adimu kuliko ganuni yenyewe.

Black Star walipunguza. Sifa hiyo haitajwi sana, na sisi tunaiona ndiyo kubwa kuliko zote. Walichukua gita la umeme ambalo vijana wa Jamhuri na Atomic walikuwa wakilipiga mitaa michache kutoka kwao, wakaweka gita la besi, kodiani, ngoma ndogo na cherewa. Kundi zima lingeweza kuingia kwenye gari moja. Midundo ikawa ya kucheza: rumba, bolero, chakacha. Shairi likabaki lilelile, lenye vina na mizani, lenye mafumbo ya kumtosha mke mwenza na jirani, lakini sasa lilikuwa na miguu. Kwa masikio yaliyolelewa na fidla ishirini lazima ilisikika kama utovu wa adabu. Kwa mama wa mtaa wa Ngamiani anayemwoza mwanawe, na ambaye bajeti yake haiwezi kulisha wanamuziki ishirini, ilikuwa rehema.

Sikiliza lile besi. Kwenye rekodi za Tanga za miaka ile besi halijazi. Linapiga noti chache, linanyamaza, linarudi. Gita linajibu kwa vipande vifupi na kodiani inavuta pumzi ndefu kwa nyuma. Katikati pameachwa nafasi tupu, na nafasi hiyo imeachwa kwa makusudi, kwa ajili ya mtu mmoja.

Shakila alizaliwa Pangani mwaka 1947. Pangani ni mji wa wazee na wa mto, uliokwisha kuwa mkubwa na kisha kupungua kabla yeye hajazaliwa. Bandari iliyowahi kumuona Abushiri bin Salim akipigana na Wajerumani na akanyongwa hapohapo mwaka 1889. Msichana mwenye sauti hakuwa na ukumbi wa kumtosha pale. Tanga, kilomita zisizozidi sitini kuelekea kaskazini, ndiko kulikokuwa na vyama. Aliingia kwenye uimbaji akiwa bado binti mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, umri ambao wenzake walikuwa wakifichwa ndani. Familia yoyote ya Pwani inaelewa uzito wa jambo hilo. Msichana kusimama mbele ya watu usiku na kuimba mapenzi kulihitaji wazazi wenye moyo, au chama chenye heshima ya kutosha kumpokea mtoto wa watu na kumrudisha salama.

Hapo ndipo neno klabu linapopata maana yake kamili. Vyama hivi vilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, ada na daftari. Vilikuwa na mahali pa mazoezi na wazee wa kutatua ugomvi. Mshairi alileta shairi. Mwingine alilitia sauti. Kundi likalizungusha jioni kadhaa mpaka likae. Kisha mwimbaji akalichukua na kulifanya lake. Ukisikia wimbo wa dakika tano unasikia kazi ya watu wanane au tisa, na ni mmoja tu ambaye jina lake litakumbukwa. Ni mpango wenye dhuluma ndani yake, lakini ndio uliotupa nyimbo.

Sauti ya Bi Shakila ni nyembamba na iko juu, inapita puani kidogo kama zile za pazia la sinema, na haipigi kelele kamwe. Wengi wanaojaribu kumwiga wanakosea hapo. Wanadhani huzuni inahitaji nguvu. Yeye anaimba maneno mazito ya mapenzi yaliyokufa kwa utulivu wa mtu anayesimulia bei ya samaki, halafu mwishoni mwa mstari anaichelewesha silabi moja, kidogo tu, na hapo ndipo inapokuchoma. "Macho Yanacheka" ni wimbo wa uso unaowaonyesha watu furaha wakati moyo una mambo yake, na aliuimba hivyohivyo, sauti ikitabasamu. Tumewasikia waimbaji wa sasa, wenye mapafu makubwa kuliko yake, wakiuimba wimbo huo kwa machozi. Wanaufichua. Yeye aliuficha, na ndiyo maana unaendelea kuumiza.

Turudi ukumbini, kwani huko ndiko klabu ilikofanya kazi yake. Ubeti wa kwanza umepita na kibwagizo kimeanza. Mama mmoja ananyanyuka kutoka kwenye mkeka, anaweka kanga yake sawa begani, noti imekunjwa kwa urefu na kushikwa kwa vidole viwili. Haendi moja kwa moja. Anacheza polepole kuelekea mbele, nusu hatua, nusu hatua, mkono wa noti umeinuliwa, na wala hamtazami mwimbaji. Macho yake yako safu ya tatu, kwa mtu anayejua kwa nini yanamtazama. Ubeti unapofika pale panapomhusu, ndipo anapotoa noti. Mwimbaji anaipokea bila kukatisha mstari na kuitupia kwenye sahani. Ukumbi mzima umeelewa. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyetajwa, na kesho asubuhi kisimani habari itakuwa imefika kabla ya ndoo ya kwanza kujaa. Aliyetunga shairi lile huenda alikuwa akilia mapenzi yake mwenyewe na hamjui mama huyo wala mgomvi wake. Shairi limeshatoka mikononi mwake.

Kutunza ni malipo, ni kura na ni kesi ya mahakamani, vyote kwa pamoja. Miaka ya 1990 mtafiti kutoka Marekani, Kelly Askew, alikuja Tanga, akajiunga na Babloom Modern Taarab na bendi ya Watangatanga, akapiga kinanda usiku na kuandika mchana, na mwaka 2002 akatoa kitabu kizito ambacho utunzaji huu umechambuliwa ndani yake noti kwa noti. Tunamshukuru. Tunajiuliza pia, kwa sauti ya chini, ni vyuo vikuu vyetu vingapi vilivyomtuma mwanafunzi mmoja Barabara ya Kumi na Mbili na daftari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Black Star ikagawanyika, na Lucky Star ikazaliwa. Bi Shakila akaenda na Lucky Star. Wanaoandika historia za vyama huwa wanaona haya kwenye ukurasa kama huu. Wanasema "kulitokea tofauti ndogondogo" na kufungua ukurasa mwingine. Sisi hatuoni haya. Mgawanyiko ule ulikuwa neema kwa wasikilizaji. Black Star walibaki na Sharmila, Lucky Star walikuwa na Shakila na Asmahani, na kwa miaka kadhaa mji mmoja ulikuwa na makundi mawili yaliyoamka kila asubuhi yakiwaza namna ya kumpita mwenzake. Kila upande ulikuwa na washabiki wake, wengine ndani ya nyumba moja. Nyimbo zilijibizana. Atakayetaka kujua mbegu ya ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano uliowatoa watu jasho miaka ya 1990 asiishie Dar es Salaam.

Umaarufu ulipitia mpakani zaidi kuliko ulivyopitia Dar es Salaam. Tanga iko karibu na Mombasa kuliko ilivyo karibu na jiji letu kuu; unapita Horohoro, unaingia Lungalunga, na mchana huohuo uko Likoni unasubiri feri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Mombasa kulikuwa na Assanand na wanawe, wenye lebo ya Mzuri, na kwa mkono wao santuri za vyama vya Tanga zikaingia kwenye maduka, mabaa na nyumba za kahawa za Kenya nzima, zikavuka ziwa, zikafika Burundi na mashariki ya Kongo. Vikundi vya taarab vilivyoibuka baadaye Mombasa na hata bara vilikopa mpango uleule: gita, besi, kodiani, sauti moja ya kike mbele. Ukopaji huo haukuandikiwa hati, na hakuna aliyeudai.

Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mwezi Februari 1977 mpaka ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983. Tunazoea kuhesabu hasara ya mpaka ule kwa ndege na mabehewa ya reli. Kwa mwanamuziki wa Tanga ilimaanisha kwamba duka lililouza kazi yake lilikuwa sasa upande wa pili wa kizuizi. Mkonge nao ulikuwa taabani: mashamba makubwa yalitaifishwa mwaka 1967, kamba za nailoni zikashusha bei duniani, na siku ya mshahara haikuwa tena siku ya mji mzima. Harusi ziliendelea, maana watu hawaachi kuoana kwa sababu ya bei ya katani, lakini noti zilizoinuliwa juu ukumbini zilipungua thamani na idadi.

Ilibaki Redio Tanzania. Kwa miaka mingi studio yake ya Dar es Salaam ilikuwa ndiyo mlango pekee wa kurekodi kwa kundi lisiloweza kwenda Nairobi, na kanda zilizorekodiwa humo ni hazina ambayo taifa hili bado halijaifungua kwa namna inayoeleweka. Redio iliipeleka sauti ya Bi Shakila hadi vijijini ambako hakuna aliyewahi kuona ukumbi wa taarab. Haikupeleka pesa kwake kwa kiasi kinacholingana. Sheria ya hakimiliki iliyotuletea COSOTA ni ya mwaka 1999, na kufikia hapo "Kifo cha Mahaba" ilishazeeka kiasi cha kuitwa zilipendwa.

Jambo hili si la Pwani yetu peke yake, na hapa tuvuke bahari kidogo. Mwaka 1923 Bessie Smith wa Tennessee alirekodi blues zake za kwanza New York. Santuri zake ziliuzwa kwa wingi wa kutisha, na mkataba wake ulimlipa kwa kila wimbo bila mgawo wa mauzo. Miaka mitano baadaye Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay kurekodi, akarudi na sifa. Mmoja aliimba huzuni ya watu weusi wa kusini mwa Marekani, mwingine ya maskini wa Ng'ambo, Unguja. Hawakujuana, na malalamiko yao yangeweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Siti alibahatika kitu kimoja ambacho mwimbaji wa Pwani hapati kirahisi: Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alikaa chini akamwandikia wasifu. Bi Shakila anastahili kalamu ya kiwango hicho.

Wapenzi wa soul watatuelewa tukisema Black Star na Lucky Star zilikuwa Stax yetu. Stax ilikuwa studio ndogo ya Memphis, ndani ya jumba la sinema la zamani, yenye bendi yake ya nyumbani, Booker T. na wenzake, watu wachache waliojua kuacha nafasi ili Otis Redding aweze kulia. Mwaka 1968 Stax waligundua kwamba mkataba waliousaini bila kuusoma vizuri ulikuwa umewapa wakubwa wao rekodi zao zote za awali. Mwaka 1975 walifilisika. Jengo lao lilibomolewa mwaka 1989. Mwaka huohuo wa 1989, London, kampuni ya GlobeStyle ilitoa rekodi iitwayo "Nyota", mkusanyiko wa Black Star na Lucky Star. GlobeStyle ilikuwa tawi la Ace, watu ambao kazi yao kubwa ilikuwa kufufua soul na blues za Marekani zilizosahauliwa. Hawakuhitaji kuelewa mafumbo ya Kiswahili kujua walichokuwa wakisikia: bendi ndogo, besi linalonyamaza, mwanamke anayesimulia msiba wake bila kupandisha sauti. Wakaiandika kwenye jalada kuwa muziki wa harusi wa Tanzania. Msikilizaji wa Uingereza lazima alijiuliza hawa watu huozana kwa majonzi namna gani.

Memphis ilijifunza kitu. Mwaka 2003, mahali palepale palipobomolewa, walijenga makumbusho ya Stax, na pembeni yake wakaweka chuo cha kufundisha watoto wa mtaa ule muziki. Ilichukua miaka 14 ya majuto. Tanga haina haja ya kubomoa kwanza.

Bi Shakila mwenyewe alihamia Dar es Salaam, akaimba na kikundi cha taarab cha JKT. Kuna wanaodhani msanii wa jeshi alipoteza kitu. Sisi tunaona alipata kitu ambacho vyama vya Tanga havikuweza kumpa, nacho ni kazi yenye mshahara. Alikuwapo wakati taarab ilipogeuka rusha roho, wakati kinanda kilipokula kodiani na fidla, wakati mipasho ilipovuliwa nguo zote za fumbo na kuachwa kama ilivyozaliwa. Alikuwapo kikundi cha Jahazi kilipovuma. Vijana walimwita mama, wakamwomba jukwaani nyimbo zake za zamani, na aliziimba kwa sauti iliyokuwa imeshuka kidogo na kuongeza chumvi. Bi Kidude wa Unguja, aliyemtangulia kwa umri, alipata tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akazungushwa ulimwenguni na filamu ikatengenezwa. Hatumwonei choyo marehemu Bi Kidude. Tunasema tu kwamba Unguja ina matamasha, chuo cha muziki cha nchi za majahazi na watu wanaojua kuandika barua za maombi ya fedha, na Tanga ilikuwa na nyimbo. Bi Shakila alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 19 Agosti 2016, akiwa na umri wa miaka 69.

Miaka sitini ya Black Star, basi, inadai nini?

Inadai kanda kwanza. Zilizoko kwenye maktaba ya redio ya taifa zihamishiwe kidijitali kwa mpango wa serikali wenye fungu la bajeti na tarehe ya mwisho, maana juhudi za watu binafsi na wahisani zimekwisha kujaribiwa na hazikutosha. Kanda ya sumaku haisubiri mwaka wa fedha ujao. Joto na unyevu wa Dar es Salaam havina likizo.

Inadai pia hesabu ya haki. Nyimbo za Tanga zinapigwa leo kwenye redio za FM, kwenye harusi za Muscat na Toronto, na kwenye simu za vijana waliozipata bure. Mahali fulani kuna mjane wa mshairi na mtoto wa mpiga besi ambao hawajui kama wana chochote cha kudai. COSOTA wanaweza kuja Tanga na meza na fomu kwa wiki moja, Tangamano au Uhuru Park, wakatangaza misikitini na kwenye magari ya matangazo. Itakuwa na vurugu. Watajitokeza watoto wengi kuliko washairi. Vurugu hiyo ni nafuu kuliko ukimya.

Urithi, makumbusho ya Boma la zamani la Wajerumani, wana chumba cha kutosha kuweka gita moja, kodiani moja na kiti cha mwimbaji, na spika inayofanya kazi. Ngamiani nayo ina barabara zinazoitwa kwa namba tangu zamani, na wakazi wake wanazipenda namba zao. Halmashauri ya Jiji isiwaguse. Lakini ukumbi mmoja wa umma, wowote ule ambao sasa unaitwa kwa cheo cha mtu aliyewahi kuuzindua, unaweza kuitwa Black Star bila kumuumiza mtu yeyote isipokuwa huyo mzinduzi.

Na wasomaji wetu wana kazi. Wenye santuri za Mzuri kwenye masanduku ya mama zao, zile ndogo zenye tundu kubwa au dogo katikati, wasizitupe, na wasimuuzie mfanyabiashara wa vitu vya kale anayepita akiuliza bei ya jumla. Wapige picha karatasi ya katikati, pande zote mbili, mpaka herufi zisomeke, watuletee. Upande wa kwanza tunaujua wengi wetu kwa moyo. Majina ya watunzi ambayo tumeyakosa, mara nyingi yamechapwa upande wa pili.